Doa linalohama na doa lisilohama

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mchora ramani hapa Kigoma, nachora nyumba kwa programu ya SketchUp na kurenda, yaani kutoa picha inayofanana na ya kweli, kwa V-Ray. Nina mteja anayejenga Katubuka, anataka kuona sebule yake kabla fundi hajaanza kufunga jipsamu. Kila nikirenda, kuta nyeupe zinatoka na madoa meusi meusi, hasa chini ya dari na kwenye kona, na moja kubwa nyuma ya kochi. Nimebadilisha matiriali ya ukuta, yaani rangi na sura ya uso wake, mara tatu. Nimegeuza kamera, nimeongeza ukubwa wa picha mpaka pikseli 3840 kwa 2160, kompyuta imekesha masaa sita, lakini madoa yako palepale. Mteja alipoiona picha akaniuliza kama nyumba yake itakuwa na fangasi. Wenzangu wananiambia laptop yangu ya RAM 8 haifai, ninunue yenye kadi kubwa ya picha. Hela yenyewe ni ya kukopa. Je, tatizo ni kompyuta au ni mimi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la hela kwa sababu ndilo lenye haraka: usikope. Faili lako sijaliona, lakini umeandika kwamba umegeuza kamera na madoa "yako palepale", na maneno hayo yananitosha kusema kwamba kompyuta mpya ingekuletea madoa yaleyale, ila ingeyaleta mapema zaidi.

Mteja wako naye hakukosea kuuliza. Mtu wa Kigoma ameona kuta zinavyokuwa mvua zikikolea. Doa chini ya dari kwake ni bati linalovuja, doa nyuma ya kochi ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Ameisoma picha yako kama anavyosoma ukuta wa nyumba aliyopanga. Ndiyo maana naona swali lako ni zito. Mtu huyu anaweka akiba yake ya miaka kwenye chumba ambacho bado hajakiona, na picha yako ndiyo macho yake.

Kabla hatujaingia ndani, ondoa shaka moja ndogo. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na kubanwa huko huumiza zaidi sehemu laini ambazo mwanga unafifia polepole, yaani ukuta mweupe unaoelekea kwenye kona. Hapo huzuka mabaka na michirizi ambayo kwenye kompyuta haipo. Mtumie mteja picha kama dokumenti. Wewe madoa unayaona hata kwenye skrini yako, kwa hiyo ugonjwa si huo, ila nimeona wachoraji wakirudia kazi siku mbili kwa ajili ya kosa la simu.

Sasa tuje kwenye doa lenyewe. Umebadilisha matiriali ya ukuta mara tatu kwa sababu jicho linasema uchafu uko ukutani. Hauko ukutani. Uko kwenye hesabu ya mwanga unaofika ukutani, na ukiielewa hesabu hiyo utaacha kubahatisha.

Mwanga wa moja kwa moja ni kazi rahisi kwa kompyuta. Inachukua pointi moja ukutani, inavuta mstari mpaka kwenye jua au kwenye taa, inauliza kama kuna kitu kimekaa katikati. Kipo, ni kivuli. Hakipo, ni mwanga. Kazi ngumu ni mwanga wa kuruka. Ingia kwenye nyumba ya zamani pale Ujiji, yenye kuta nene na dirisha dogo. Jua linaangukia kipande cha sakafu karibu na dirisha, basi, lakini unaona mpaka kona ya mwisho ya chumba. Mwanga umegonga sakafu ukaruka darini, kutoka darini ukaruka ukutani, na kila unaporuka unapungua na kubeba rangi ya mahali ulipogonga. Kama sakafu ni ya saruji nyekundu, dari itakuwa na wekundu kidogo ambao hakuna fundi aliyeupaka. Sehemu za ukuta zilizo chini ya dari, kwenye kona na nyuma ya kochi hazioni jua wala taa. Zinaishi kwa mwanga wa kuruka peke yake, na ndiyo maana madoa yako yamekaa huko.

Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha namna ya kukokotoa mwanga wa kuruka ndani ya chumba. Mwaka 1986 James Kajiya akaiandika hesabu yote ya kurenda kwa mlinganyo mmoja. Tabu ni kwamba kila pointi inategemea mwanga wa pointi nyingine zote, nazo zinaitegemea hiyo. Kompyuta za wakati ule zisingeweza. Mwaka 1988 Greg Ward na wenzake wakaleta ujanja: usipige hesabu ndefu kila mahali, ipige kwenye pointi chache zilizochaguliwa, hifadhi majibu, halafu kati ya pointi na pointi kisia. Ile iradiansi mapu ya V-Ray, yaani hifadhi yake ya majibu hayo ya mwanga, ni ya ukoo huo.

Wewe ni mchora ramani, umeshapokea karatasi za mpima ardhi, na viwanja vya Kigoma vina miinuko mingi. Mpima hapimi kila sentimita ya kiwanja. Anachukua vimo kwenye pointi kadhaa, kisha kontua, yaani mistari ya kimo, zinachorwa kwa kukisia katikati. Sasa fikiria msaidizi wake amesimamisha fimbo ndani ya shimo la panya bila kujua. Kwenye ramani shimo halitaonekana dogo kama lilivyo. Kontua zote za jirani zitavutwa kuelekea pale, na utaona bonde pana kama chumba. Doa lako ni bonde hilo. Pointi moja, au chache, zimeleta jibu la giza, na ukisiaji umelisambaza giza hilo mpaka likawa baka lenye kingo laini. Chengachenga za kawaida ni nukta ndogo kali kama za televisheni isiyoshika stesheni. Doa ni pana na laini kwa sababu limekisiwa.

Pointi huleta jibu baya kwa njia mbili, na hapa ndipo ningependa usome taratibu. Ya kwanza, imewekwa mahali pabaya: imeangukia kwenye uso uliofunikwa na uso mwingine, ikatupa miale yake, na miale yote ikagonga kitu papo hapo kabla haijasafiri. Jibu ni sifuri, na litakuwa sifuri hata ukirenda mara mia, kwa sababu kosa limo kwenye modeli, yaani mchoro wenyewe wa nyumba. Ya pili, pointi iko mahali pazuri ila imetupa miale michache mno, na kwa bahati hakuna iliyopata dirisha. Ukirenda upya kwa pembe nyingine miale inaangukia kwingine, na doa linahama. Doa lisilohama ni la modeli. Doa linalohama ni la mipangilio ya V-Ray. Dawa ya moja haiponyi jingine, na wachoraji wengi hupoteza usiku wao kwa kutibu la modeli kwa dawa ya mipangilio.

Kumbe kipimo umeshakifanya bila kujua. Umegeuza kamera, umeongeza ukubwa wa picha, na madoa hayakusogea kutoka chini ya dari na nyuma ya kochi. Ila usiniamini kwa barua. Hakikisha kwa majaribio madogo, na nasisitiza madogo: picha ya pikseli 640 kwa 360 ina pikseli chache mara 36 kuliko hiyo yako ya masaa sita, na doa la modeli huonekana humo vilevile. Weka matiriali moja ya kijivu kwa vitu vyote vya chumba isipokuwa vioo vya madirisha, ili rangi na picha za ukuta zisikuchanganye. Renda. Sogeza kamera hatua moja kushoto, renda tena, linganisha. Kisha zima mwanga wa kuruka kabisa uone. Kama baka linabaki hata kwa mwanga wa moja kwa moja, basi kuna nyuso mbili zimelaliana pale.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote. Fungua faili jipya, chora boksi tupu la mita 4 kwa 4, urefu mita 3, kuta zenye unene, dirisha moja. Lirende kwa mipangilio ileile ya sebule yako. Boksi likitoka safi, mipangilio haina hatia. Likitoka na madoa, anza na mipangilio. Ni kazi ya dakika kumi.

Tuseme boksi limetoka safi, kama ninavyotarajia. Rudi kwenye sebule na uanze na kosa nililokutana nalo mara nyingi kuliko jingine lolote kwenye mafaili ya SketchUp, yaani ukuta uliorudiwa. Ulinakili chumba, ukakibandika mahali palepale, au ulivunja kundi na nyuso zake zikabaki juu ya nyingine. Kwa macho ni ukuta mmoja, kumbe ni miwili imelaliana. Zungusha modeli ukiwa karibu na sehemu ya doa. Uso ukipepesapepesa kama unagombania nafasi na mwingine, umempata. Futa mmoja. Kama baada ya kufuta bado unaona ukuta, huo ndio ulikuwa wa pili.

Halafu angalia unene. Wengi wetu huanza ukuta kwa uso mmoja tu, unene sifuri, kwa sababu ndani hauonekani. Injini ya mwanga inauona. Sampuli za laiti kashe, hifadhi nyingine ya V-Ray ya mwanga wa kuruka, zina upana wake, na ukuta ukiwa karatasi, sampuli moja inaweza kuchanganya upande wa ndani na wa nje. Mchana jua la nje linavujia ndani kama mwanya mweupe chini ya ukuta, na giza la juu ya dari linashuka kama masizi. Chora ukuta kama unavyojengwa: tofali la inchi 6 ni milimita 150. Dari nayo usiiache karatasi. Bodi halisi ya jipsamu ni nyembamba, lakini kwenye modeli ya kurenda ipe hata milimita 50 kwenda juu. Haitaonekana, na itaziba.

Jipsamu yenyewe naishuku kwa namna ya pekee, kwa kuwa madoa yako yamejipanga chini ya dari. Dari za siku hizi zina ngazi, zina mikanda, zina taa zilizofichwa, na mchoraji huzisukumia zote ndani ya ukuta ili zisionyeshe mwanya. Kila mahali mkanda ulipozama ndani ya ukuta pana uso uliofunikwa. Ishushe dari mpaka iguse ukuta bila kuingia, au kata ukuta pale jipsamu inapokutana nao. Kochi pia. Kama mgongo wake umezama ukutani hata sentimita moja, doa lako kubwa umelipata. Livute mbele sentimita tano. Hata nyumbani hakuna anayelibandika kochi kwenye rangi.

Mwisho geuza mwonekano wa SketchUp uonyeshe nyuso bila matiriali. Uso wa mbele ni mweupe, wa nyuma una rangi ya bluu-kijivu. Ukiona bluu ndani ya chumba, uso umegeuka, ugeuze. Si kila uso uliogeuka huleta doa, lakini sitaki faili linaloniacha na maswali mawili kwa wakati mmoja.

Kosa linalofuata huonekana mara chache, lakini likitokea linamtesa mtu kwa wiki nzima, na sisi wa mikoa ya huku tunalipata kwa sababu ya namna tunavyopokea kazi. Mpima ardhi anakupa faili la kiwanja lenye namba halisi za ramani. Kigoma mko kanda ya 35 ya UTM, mfumo wa namba za ramani unaoigawa dunia kwa kanda, sisi Tabora tuko kanda ya 36, na kwa kuwa wote tuko kusini ya ikweta namba ya kaskazini huanza kupunguzwa kutoka mita 10,000,000. Kwa mji wa Kigoma inaangukia karibu na 9,460,000. Ukichora nyumba juu ya kiwanja hicho bila kuisogeza, sebule yako imekaa mita milioni tisa na ushee kutoka kwenye kitovu cha modeli. Injini nyingi za kurenda hutunza mahali pa vitu kwa namba za biti 32, ambazo zina usahihi wa tarakimu kama saba tu. Kwa umbali huo hatua ndogo kabisa ambayo namba inaweza kupiga ni karibu mita moja. Hebu fikiria kompyuta inavyojaribu kutofautisha uso wa ukuta na mgongo wa kochi ilhali fimbo yake ya kupimia haina alama ndogo kuliko mita moja! Programu nyingine huisogeza modeli zenyewe, lakini usitegemee hisani hiyo. Chagua kila kitu, kisogeze mpaka kona ya nyumba ikae kwenye sifuri ya mihimili, ndipo urende. Ramani ya kiwanja ibaki na namba zake kwenye faili lake.

Kama umesafisha yote hayo na umebaki na kidoa kimoja kisichojulikana asili yake, V-Ray ina sehemu ya kuiambia miale ya pili, yaani ile inayotupwa kutoka kwenye uso, ianze safari mbele kidogo ya uso badala ya juu yake hasa. Thamani ya 0.001 hutosha kuruka nyuso zilizolaliana. Naitaja baada ya usafi kwa makusudi. Ni bendeji, na ukiiongeza sana mwanga unaanza kupenya chini ya kuta.

Kuna na doa la namna ya kipekee ambalo lilinigharimu heshima mbele ya mteja. Nilirenda jiko lake, nikahifadhi iradiansi mapu kwenye faili ili umeme ukikatika nisianze upya. Siku ya pili tukahamisha friji, nikarenda kwa kutumia faili la jana. Picha ikatoka na kivuli cha friji pale ilipokuwa, na friji yenyewe iko upande wa pili. Kuhifadhi ni jambo jema, hasa kwa umeme wetu, ila kitu chochote kikihama chumbani, faili la mwanga la jana limekufa. Lifute, likokotoe upya.

Sasa nizungumzie doa linalohama, kwa kuwa ukiponya hili la sasa siku moja utakutana na hilo. Chanzo chake ni uhaba wa miale, na uhaba huo mara nyingi unaanzia dirishani. Chumba chenye dirisha dogo ni kigumu kwa kompyuta kwa sababu miale inayotupwa kutoka ukutani ni lazima ibahatishe tundu hilo dogo ili ilione anga. Halafu sisi tunaongeza kioo cheusi, grili ya nondo, wavu wa mbu na pazia jepesi. Wavu uliochorwa uzi kwa uzi ni adhabu kwa injini. Uondoe kabisa, kutoka ndani ya sebule hakuna atakayeutafuta. Hakikisha kioo kinaruhusu mwanga kupita na hakitupi kivuli kizito kama ubao. Weka lango la mwanga kwenye dirisha, yaani taa ya mstatili iliyopewa kazi ya kuonyesha miale anga liko wapi. Hayo peke yake hupunguza madoa kuliko saa tatu za kusubiri.

Weupe nao una hila. Mchoraji anataka ukuta mweupe, anaweka 255 kwa 255 kwa 255. Rangi ya namna hiyo hairudishi asilimia 80 ya mwanga kama rangi nzuri ya kopo. Inarudisha wote, na mwanga haufi, unazunguka chumbani bila kuchoka na hesabu haitulii. Weka 230. Hiyo ni karibu asilimia 80, na mboni ya mteja itaendelea kuiita nyeupe.

Ndipo uguse mipangilio. Kwenye iradiansi mapu kiwango cha -3 maana yake pointi moja kwa kila mraba wa pikseli nane kwa nane, -1 ni moja kwa kila mraba wa pikseli mbili kwa mbili, 0 ni kila pikseli. Kwa chumba tumia -3 mpaka -1. Idadi ya miale ya kila pointi ipandishe kutoka 50 kwenda 80, na zile sampuli za kukisia kutoka 20 kwenda 35. Ukizidisha sana hizo za mwisho picha inakuwa laini mpaka vivuli vya kweli chini ya meza vinapotea, na fanicha zinaonekana zinaelea. Laiti kashe iwe 1000 au 1500. Kumbuka namba hiyo hujizidisha yenyewe, 1000 ni njia milioni moja, 1500 ni zaidi ya mara mbili yake.

Au achana na ukisiaji. Ukitumia bruti fosi badala ya iradiansi mapu, kila pikseli inakokotolewa yenyewe, hakuna bonde la shimo la panya. Utapata chengachenga badala ya madoa, na gharama yake ni muda. Kupunguza chenga kwa nusu kunahitaji miale mara nne, hivyo picha ya saa mbili inakuwa ya saa nane. Watu hukwepa bei hiyo kwa kutumia kichuja chenga. Ni chombo kizuri, lakini kikipewa picha yenye miale michache mno hukisia nacho, na hukisia mabaka ya wingu ukutani. Ukiona madoa ya namna hiyo, zima kichuja uone picha mbichi. Ikiwa mbichi ina chenga tupu bila doa, mkosaji ni kichuja, kipe miale zaidi. Kama leseni ni mzigo, Blender ni ya bure na injini yake ya Cycles, iliyoingia humo mwaka 2011, haitumii ujanja wa kukisia katikati. Ni programu ya kujifunza kwa miezi, kwa hiyo isiwe jibu la mteja huyu.

Naomba pia usiue giza lote. Kona ya chumba chenye dirisha moja ina haki ya kuwa na giza. Nyuma ya kochi pana kivuli, chini ya boksi la pazia pana kivuli. Kivuli cha kweli kina sababu unayoweza kuinyooshea kidole, na kinafifia kwa mpangilio kuanzia pale vitu viwili vinapogusana. Doa limekaa katikati ya ukuta bila ndugu. Nimeona vijana wakiongeza taa kumi za siri mpaka sebule inakosa hata kivuli kimoja, na mteja anasema picha ni ya uongo bila kujua kwa nini. Hujamkosea mteja kwa kumwonyesha kona yenye giza. Pengine ndiyo sababu ya kuongeza dirisha, na hilo ni heri alione sasa kabla ya plasta.

Kama picha inatakiwa kesho asubuhi, hakuna dhambi kulifuta doa kwa brashi kwenye programu ya picha. Hakikisha tu umelifuta doa na si nyufa au kivuli ambacho mteja angetaka kukijua, na urudi kwenye modeli baadaye, maana atataka pembe ya pili.

Kuhusu kifaa, nikujibu kwa haki. RAM 8 ni ndogo kwa vyumba vyenye fanicha nyingi zilizopakuliwa. Kompyuta itaanza kuazima diski na kusuasua, au programu itafunga yenyewe katikati ya kazi. Ukipata malipo ya kazi mbili tatu, muulize fundi kama laptop yako inakubali kuongezewa RAM kufika 16. Gharama yake iko mbali kabisa na ya mashine mpya. Kadi kubwa ya picha ina maana siku ambayo una kazi za ndani kila wiki na muda ndio unaokuangusha. Inaharakisha hesabu. Haiwezi kuufuta ukuta uliorudiwa.

Kuna hali ambazo barua haitoshi. Mabaka yakitokea hata nje ya programu, kwenye video au kwenye skrini tupu, au picha ikitoka na vipande vya mraba vyeusi vinavyobadilika kila mara, peleka mashine kwa fundi wa kompyuta aifungue. Mara nyingi feni imejaa vumbi na kadi inachemka. Na kama boksi lako tupu limetoka safi, umefuta, umesogeza, umeipeleka nyumba kwenye sifuri, na doa bado limeng'ang'ania nyuma ya kochi, tafuta mtu akae nawe mbele ya faili. Mchoraji yeyote mzoefu hapo Kigoma atakufaa, jicho la pili huona kilicholaliana ndani ya dakika tano. Mpelekee faili lenyewe pamoja na picha mbili ndogo, moja ya kijivu na moja iliyozimwa mwanga wa kuruka. Ukikosa mtu, panda treni uje Tabora na laptop yako, tutaifungua pamoja. Mteja mwambie leo hii kwamba ukuta wake hauna fangasi, ni hesabu ya mwanga kwenye mchoro, na umwahidi picha nyingine baada ya siku tatu.